Plagi Nne za Mjomba

  Msikilizaji wangu wa Newala na Masasi, leo sina siasa wala bei ya korosho. Nataka tuzungumzie kitu kinachoenea kiganjani, chuma chini na kaure nyeupe juu, ambacho mafundi wetu wanakiita plagi. Si ile ya ukutani ya kuchajia simu. Nasema plagi ya injini, inayotoa cheche ya kuwasha petroli.

Nina gari la zamani. Na nikisema la zamani sina maana ya gari la mwaka 2005 lililoshuka bandarini juzi na stika za Kijapani bado zimo kiooni. Ni Land Rover Series III ya petroli, silinda nne, lita mbili na robo, viti vigumu kama benchi la mahakama. Nimelirithi kwa mjomba. Sisi Wamakonde, kama majirani zetu Wamakua na Wayao, ukoo tunauhesabu upande wa mama, na zamani mpwa ndiye aliyeingia mahali pa mjomba wake. Siku hizi mambo yamechanganyika, dini ina sheria zake na mahakama ina zake. Basi mjomba alipofariki, wanawe wakachukua nyumba na mikorosho, mimi mpwa nikaachiwa gari. Kikao cha ukoo kilinitazama kwa huruma. Kila aliyekuwepo alijua kwamba nimeachiwa mdomo wa kulisha.

Wanunuzi wa chuma chakavu wamenijia mara tatu. Hawaulizi gari ni la mwaka gani, wanauliza lina kilo ngapi. Bodi ya Land Rover hizi ni ya aluminiamu, kwa sababu gari lilipotoka mara ya kwanza mwaka 1948 Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma cha pua kilikuwa cha mgao. Kwa hiyo gari la mjomba, machoni pa hawa vijana wa mizani, ni sufuria ambazo hazijasubuliwa.

Mwezi Juni gari likaanza kumisi. Wewe unayeijua Newala mwezi Juni unajua asubuhi zake: ukungu unapanda kutoka upande wa Ruvuma, ukisimama pale Shimo la Mungu huoni bonde wala huoni Msumbiji, unaona weupe tu. Kwanza nikasema ni unyevu. Nikafungua kofia ya distibyuta, nikaifuta kwa kitambaa kikavu, nikafuta na waya. Gari likawaka, likakohoa, likatembea hatua ishirini kama mzee mwenye goti baya, likazima. Jirani yangu ana kijana anayejifunza ufundi. Akaja, akang'oa waya za plagi moja baada ya nyingine injini ikiwa inaunguruma. Ukiondoa waya wa silinda nzima, mlio unabadilika. Ukiondoa wa silinda iliyokufa, injini haina habari. Waya wa tatu alipouondoa injini haikushtuka hata kidogo. Alipomaliza akazirudisha waya zote, lakini ya tatu na ya nne akazipishanisha. Injini hii hufyatua moja, tatu, nne, mbili. Ukiipa mpangilio mwingine inakujibu kwa mlipuko kwenye bomba la moshi, na kuku wa mtaa mzima wakatawanyika.

Tukazitoa plagi zenyewe. Tatu zilikuwa na rangi ya majivu yaliyochanganyika na udongo, midomo imelika, ncha zimekuwa za mviringo kama penseli ya mtoto wa chekechea. Ya silinda ya tatu ilikuwa nyeusi na imelowa oili. Kijana akatoa hukumu: "Mjomba, hizi zimemaliza kazi. Nunua mpya."

Nunua mpya! Hapo ndipo habari yangu inapoanzia.

Duka la kwanza pale Newala nikauliza plagi za Land Rover. Muuzaji akanitazama kama niliyeomba mafuta ya taa kwenye duka la simu. "Land Rover haina plagi, mzee. Ni dizeli hiyo." Usimcheke. Kijana wa miaka ishirini na mbili hajawahi kuona Land Rover ya petroli. Zote alizoziona, na Land Cruiser za halmashauri na za mashirika, zinakunywa dizeli, na injini ya dizeli haiwashwi kwa cheche, inabana hewa mpaka ipate joto la kuwasha mafuta yenyewe. Inayo hita ya kuisaidia asubuhi, na duka la pili walinipa hiyo hita, kwenye kasha zuri, wakaniambia ndiyo plagi ya Land Rover. Duka la tatu wakasema labda Dar.

Labda Dar. Msikilizaji, sisi watu wa kusini neno hili tumelisikia tangu kuzaliwa. Kabla ya Daraja la Mkapa pale Rufiji kufunguliwa mwaka 2003, mvua zikinyesha sawasawa Dar ilikuwa mbali kama Ulaya. Leo unapiga simu Gerezani, Kariakoo, unamtumia muuzaji picha na pesa kwa simu, na kesho yake unapokea kifurushi stendi ya Masasi kutoka kwa kondakta wa basi. Mambo yamekuwa mepesi. Ila nilipompigia muuzaji wa Gerezani naye akauliza kama wale wa Newala: gari gani, mwaka gani, tuma picha ya kadi ya gari. Nikamtumia. Akajibu kwamba gari hilo kwenye simu yake halimo.

Kwa hasira nikaingia duka la pembejeo.

Unajua msimu ule. Mikorosho inatoa maua, ubwiri unga unaanza kuota kwenye vikonyo, na kila mwenye shamba anahangaika na salfa. Mashine za kupulizia zinanguruma tangu alfajiri, mkulima kaibeba mgongoni, wingu la njano linapanda hadi kwenye matawi ya juu. Mashine hizo zina injini ndogo ya petroli iliyochanganywa na oili, na kila injini ina plagi moja. Ukizidisha oili, plagi inaziba. Ukilaza mashine vibaya, plagi inaziba. Kwa hiyo kuanzia Mei mpaka Agosti Newala na Masasi zina plagi nyingi kuliko kitunguu. Zimepangwa kaunta karibu na glovu na barakoa. Nikachukua moja, nikailinganisha kwa macho na plagi ya mjomba: unene ni uleule. Nikanunua nne, nikarudi nyumbani nikitembea kwa madaha.

Dalili ya kwanza niliipuuza. Spana ya plagi ya mjomba, ile ya bomba yenye mpini wa kupitisha, ilikuwa kubwa ikawa inacheza. Spana yake ni ya 21 na plagi hizi kichwa chake ni 19. Nikatafuta spana nyingine. Zikaingia kwa vidole, laini kabisa, na gari likawaka. Siku mbili nililiendesha likiwa halina nguvu, linakunywa petroli kama harusi inavyokunywa soda, na mlima mdogo wa kwenda nyumbani nikaupanda kwa gia ya kwanza. Siku ya tatu nikapanda Coaster kwenda Masasi, plagi zote nane mfukoni, za mjomba nne na zangu nne.

Kutoka Newala kwenda Masasi ni kama kilomita 70, unashuka kutoka uwandani mpaka kwenye nchi ya mawe. Milima ile ya Masasi, vipara vya mwamba vilivyosimama peke yake, huwa inanituliza. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walifika pale mwaka 1876 wakiongozwa na Askofu Steere, yule aliyeandika vitabu vya kufundishia Kiswahili, wakiwa na watu waliokombolewa utumwani. Walipochagua mahali hapo sidhani waliwaza habari za gereji. Lakini miji inayokaa njiapanda hupata mafundi, na Masasi ni njiapanda ya Newala, Nachingwea, Tunduru na Mtwara.

Nikaelekezwa kwa fundi mmoja mtu mzima, kazi yake anafanyia chini ya mwembe nyuma ya duka la rangi. Nilimkuta kakaa kwenye tairi anasafisha kabureta kwa mswaki.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Gari liko wapi?"

"Gari liko Newala. Nimekuja na plagi zake."

Akanyosha kiganja. Nikampa zile za mjomba, akazipanga juu ya tairi moja, mbili, tatu, nne, akaniuliza ipi imetoka silinda ipi. Nikamwonyesha. Akaitazama ya tatu, akainusa, akasema ringi za pistoni ya tatu zimechoka, nisishangae. Hizi nyingine, rangi ya kahawia hafifu, akasema kabureta imepimwa na mtu anayejua kazi. Ingekuwa masizi makavu meusi, petroli imezidi. Ingekuwa nyeupe na vipele, injini inaungua. Niliona raha moyoni, maana kabureta ile aliipima mjomba kabla hajaugua, na huyu hakumjua mjomba.

Kisha nikampa zile nne za kwenye mashine ya salfa. Akacheka mpaka akaweka kabureta chini.

"Dukani uliomba nini?"

"Plagi za Land Rover."

"Ndiyo maana ukapata hizi. Plagi haijui jina la gari, mdogo wangu. Plagi ina unene, ina urefu, ina joto. Ukitaja gari, muuzaji anatafuta kasha lenye picha ya gari. Wewe taja namba."

Akachukua kipande cha chaki, akaandika kwenye tairi. Nitajaribu kukueleza kwa sauti, msikilizaji, kwani redio haina chaki.

Plagi ya mjomba imeandikwa Champion N12Y. Herufi N inasema mwili: nyuzi zake zina unene wa milimita 14 na urefu wa milimita 19. Y inasema ncha ya kaure imechomoza nje kidogo. Ile 12 ni joto. Plagi ya mashine ya salfa imeandikwa BPMR7A. Unene wake nao ni milimita 14, ndiyo maana ikaingia kama iliyozaliwa humo. Lakini urefu wa nyuzi zake ni milimita 9.5. Hesabu hiyo hata mimi naiweza: nusu kamili. Maana yake cheche ilikuwa inawaka ndani ya shimo, haikufika kwenye chumba ambamo petroli inasubiri. Kibaya zaidi, nusu ya nyuzi za silinda hedi ilibaki wazi, inapigwa moto na kushika masizi. Ningeendelea hivyo mwaka mmoja, masizi yale yangekuwa mawe, na siku ningepata plagi sahihi isingeingia bila kukata nyuzi upya.

Kinyume chake ni kibaya zaidi. Kuna mtu ana ile Volkswagen ya mgongo wa kobe, injini nyuma. Plagi yake ni ya urefu wa milimita 12.7. Huyo akipewa hii ndefu ya Land Rover, ncha inatokeza ndani zaidi ya milimita sita, na pistoni ikipanda huenda wakakutana. Na hedi ya Volkswagen ni ya aluminiamu, nyuzi zake ukizikosea mara moja umeingia gharama. Land Rover hedi yake ni chuma cha kusubu, inavumilia ujinga wetu.

Hapo nikamwuliza, plagi ya bodaboda je? Zimejaa kila kona. Fundi akasema pikipiki nyingi hizi za Kichina zinatumia D8EA, na D maana yake milimita 12. Hiyo ukiiweka inatumbukia.

Sasa joto. Hapa naomba usibadilishe stesheni, kwa sababu hapa ndipo mafundi wazuri hugombana. Watu wakisikia plagi ya moto wanadhani ina cheche kali. Hapana. Cheche ni ileile. Tofauti ni jinsi ncha inavyopoa. Kaure ya ndani ikiwa ndefu, joto lina safari ndefu mpaka lifike kwenye chuma cha hedi, kwa hiyo ncha inabaki na moto mwingi. Ikiwa fupi, inapoa upesi. Ncha inatakiwa ifike kama nyuzi joto 500 ili iunguze masizi yake yenyewe, ijisafishe. Ikivuka 850 au 900 hivi, inaanza kuwasha petroli kabla ya cheche, na injini inagonga kama mlango wa mdaiwa. Kwa hiyo kila injini ina plagi yenye joto lake.

Tatizo ni kwamba makampuni hayakukubaliana namna ya kuhesabu. Kwa Champion na kwa Bosch, namba ikipanda plagi ni ya moto zaidi. Kwa NGK na kwa Denso, namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi. Fundi mmoja akisema "weka namba kubwa" na mwingine akasikia, wanaweza kuwa wanasema vitu viwili vilivyopeana mgongo. Fundi wangu aliniambia amewahi kuona watu wawili wakishikana mashati kwa ajili hiyo, na wote walikuwa na haki. N12 ya Champion, kwa NGK inakaribia 5. Kwa hiyo gari la mjomba lilihitaji NGK iliyoandikwa BP5ES: B ni milimita 14, P ni ncha iliyochomoza, 5 ni joto, E ni urefu wa milimita 19, na S ni plagi ya kawaida isiyo na madoido.

"BP5ES Masasi hutaipata," akasema. "Lakini nenda duka la vifaa vya ujenzi pale barabarani. Usiseme gari. Sema unataka plagi ya pampu ya maji ya Honda, hizi GX160. Soma kilichoandikwa kisha rudi."

Nikaenda. Nikasema pampu. Muuzaji hakuinua hata kichwa, mkono ukaingia chini ya kaunta ukatoka na kasha. Nikasoma: BPR6ES. Nilisimama pale nikiwa nimeishika kama mtu aliyeokota pete yake kwenye mchanga. B, milimita 14. P, ncha imechomoza. E, milimita 19. S. Kilichozidi ni R, yaani ndani ina rezista ya kuzuia cheche isiletee redio mikwaruzo, na sisi watu wa redio hatuna ugomvi na hilo. Na 6 badala ya 5, yaani baridi kwa daraja moja. Hata upenyo wa cheche, ambao mafundi wanaita gepu, pampu ile inataka milimita 0.7 mpaka 0.8, na Land Rover inataka 0.75 mpaka 0.8. Gari la karne iliyopita kutoka Solihull na pampu ya kumwagilia mchicha wanakula chungu kimoja.

Nilimuuliza fundi kama ile 6 haitanisumbua. Akasema kama kazi ya gari ni kwenda msikitini na kurudi, 5 ndiyo bora, kwa kuwa injini haipati moto wa kutosha kujisafisha. Kama linabeba mzigo kutoka Masasi kupanda Newala, 6 haina neno. Nikamwambia linafanya yote mawili. Akasema basi Jumapili moja moja ulikimbize kidogo.

Lakini hakunikubalia nizifunge hivihivi. Feki zimejaa, na plagi feki haichagui mji. Sheria ya Alama za Bidhaa ipo tangu mwaka 1963, na Tume ya Ushindani huwa inateketeza shehena za bidhaa bandia, hata hivyo kasha la kadibodi ni rahisi kulichapa. Fundi akanionyesha vya kutazama: maandishi kwenye kaure yamekaa sawa au yamemwagika, ncha ya katikati ipo katikati kweli au imeenda kando, washa ya chini inachomoka kwa vidole, na isingetakiwa kuchomoka kirahisi. Mwisho akanituma kwa fundi simu. Nikadhani anatania. Kumbe fundi simu ana mita. Plagi yenye R ya kweli, ukiipima kutoka juu kwenye kichwa mpaka ncha ya katikati, inasoma kama omu elfu tano. Ikisoma sifuri, herufi R imeandikwa kwa urembo. Kijana wa simu akaweka kando kioo cha Tecno alichokuwa anakibandika, akanipimia zote nne, elfu tano na kitu kila moja, akakataa malipo. Alisema hajawahi kupima plagi tangu aanze kazi, kwa hiyo ni yeye aliyefaidika.

Niseme kidogo habari ya hizi kaure, kwani nilipokuwa narudi na Coaster nilikuwa nazitazama. NGK ni kifupi cha Nippon Gaishi Kaisha, kampuni ya Japani iliyoanza na vikombe vya kaure vya nguzo za umeme, vile unavyoviona juu kwenye nguzo za TANESCO. Mwaka 1936 wakaanzisha kampuni ya plagi pale Nagoya. Na kweli ukikitazama kikombe cha nguzo na plagi utaona ni ndugu: kazi yao wote ni kuuzuia umeme usipite pasipo pake. Champion naye si jina la kujisifu tu. Albert Champion alikuwa Mfaransa mwendesha baiskeli, alishinda mbio za Paris–Roubaix mwaka 1899, akahamia Marekani akaingia kwenye plagi. Alipokosana na wenzake wakabaki na jina lake, yeye akafungua nyingine akaiita AC, herufi za mwanzo za jina lake. Mtu mmoja, makasha mawili dukani.

Mjomba hayo asingeyajali. Yeye spana aliishika mara ya kwanza Nachingwea akiwa kijana mdogo, wakati wa ule mradi wa karanga wa Waingereza, mwaka 1947 mpaka 1951, walipoleta hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta kung'oa misitu, na karanga zenyewe zikagoma. Land Rover aliipata baadaye sana, kwenye mnada wa magari chakavu, miaka ambayo hakuna aliyeitaka. Unaikumbuka miaka ile? Baada ya vita vya Kagera fedha za kigeni hazikuwepo. Spea zilipita Shirika la Magari la Taifa, na kile kilichofika mikoani kilifika kwa kibali na kwa kujuana. Jumapili alasiri ilikuwa marufuku kuendesha gari, petroli isiishe. Mjomba alikuwa na seti moja ya plagi kwa miaka sijui mingapi. Kila mwezi alizitoa, akaziweka kwenye mkaa mwekundu masizi yaungue, akaziacha zipoe polepole kwenye majivu kaure isipasuke, akakwangua kwa kijiti. Brashi ya waya alikataza. Sikujua sababu. Sasa najua: waya unaacha alama za chuma kwenye kaure, na umeme unapita hapo badala ya kuruka kwenye gepu. Gepu lenyewe alipima kwa kipande cha msumeno wa chuma, kisha anaongeza kidogo kwa jicho.

Alikuwa na namba zake kichwani kama alivyokuwa na majina ya wajukuu. Wote waliokuwa na gari walikuwa nazo, maana kitu kilipopatikana kilipatikana bila kasha, mikononi mwa mtu, nyuma ya duka, na kama huijui namba umeuziwa chuma. Ilipofika mwaka 1984 serikali ikaruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe bila kuulizwa zimetoka wapi, maduka yakajaa tena, na tukaanza kununua kwa picha. Mimi naona hapo ndipo tulipoanza kusahau. Wingi ulitufundisha kusema "ya gari fulani", tukaacha kugeuza kitu mkononi tukakisoma. Muuzaji wa Newala aliyeniambia hana, mguuni pake kulikuwa na mapampu matatu ya Honda yamefungwa kwa nailoni. Plagi yangu ilikuwa ndani ya kila moja.

Watu wengine wameniambia gari la zamani halifai tena kwa sababu petroli ya siku hizi haina risasi. Ni kweli petroli yenye madini ya risasi iliondolewa Afrika yetu hii ya kusini mwa Sahara kufikia mwisho wa mwaka 2005, kufuatia makubaliano ya Dakar ya mwaka 2001. Kwenye valvu za injini za zamani kuna la kusema hapo, na siku nyingine nitamwalika fundi tuliseme. Kwa plagi ni nafuu tupu: risasi ilikuwa inaganda kwenye ncha. Ningetamani mjomba angelijua hilo, angepunguza kuota moto wa kuchomea plagi.

Nilizifunga jioni ileile, kwa spana ya 21. Kwa vidole mpaka mwisho, kisha nusu mzunguko kwa spana ili washa mpya ibanike, si zaidi. Waya nikazirudisha mwenyewe, moja, tatu, nne, mbili. Kijana wa jirani alisimama mbali kidogo na kuku. Gari likashika mara ya pili. Silinda ya tatu bado inakula oili, nilishaambiwa, kwa hiyo nina plagi ya tano imefungwa kwa gazeti chini ya kiti.

Zile nne za mjomba sikurudi nazo. Fundi aliniomba. Nikamuuliza za nini, zimekufa hizi. Akasema shemeji yake anavua Mikindani kwa mshipi, na plagi kuukuu ni chubwi nzuri kupita zote: ina uzito, ina pa kufungia, haina bei. Mwezi Oktoba niliposhusha gunia Masasi nilipita kumwonyesha gari. Akalisikiliza bila kufungua boneti, akatikisa kichwa kukubali. Nikauliza habari za Mikindani. Akasema moja imenasa kwenye mwamba ikabaki hukohuko, tatu bado ziko kazini, na juzi shemeji yake amepandisha changu wawili na ile ya silinda ya tatu, ile nyeusi.